Mhusika Mkuu ni Jengo

Kurasa za maktaba za vyuo vikuu vyetu zina mhusika mkuu mmoja, naye ni jengo. Nimezisoma kwa wiki tatu, Facebook na Instagram, nikishuka kwa kidole kutoka posti ya leo hadi zile za miaka ya nyuma, kama mtu anayesoma riwaya kwa kuanzia sura ya mwisho. Jengo linapigwa picha asubuhi, linapigwa jioni, linapigwa likiwa na wageni mlangoni. Linapakwa rangi. Linafunguliwa saa mbili na kufungwa saa nne usiku, isipokuwa siku za sikukuu. Vitabu vipo, lakini kwa mbali, kama miti nyuma ya bibi harusi. Msomaji naye yupo: anaonekana mgongo, ameinamia kompyuta, hana jina wala swali.

Nasoma umahiri katika Kiswahili, na nimefundishwa kuisoma matini yoyote kwa kuuliza nani anasema, anasema na nani, na nani hayupo. Sioni kwa nini ukurasa wa maktaba usamehewe maswali hayo. Chuo changu sikitaji, maana nina tasnifu ya kuwasilisha, na kwa kweli ukizifuta nembo, kurasa hizi zinafanana kiasi kwamba hata wenyewe wangepotea.

Utanzu ulioshamiri kuliko wote ni pongezi. Anapongezwa mkurugenzi mpya, anapongezwa aliyestaafu, anapongezwa kiongozi kwa kutimiza mwaka fulani ofisini, na chini yake "Hongera sana" inajirudia mara kumi na saba. Unafuata ugeni: watu wamesimama mstari mmoja, wa katikati ameshika kitu chenye fremu. Salamu za Idi, Pasaka na Nane Nane nazipita. Utanzu ulionikalisha ni tangazo, kwa sababu ndani yake kuna kichekesho ambacho mwandishi wake hakukikusudia. Maktaba moja ilitangaza mafunzo ya namna ya kutumia rasilimali za kielektroniki ukiwa nje ya chuo. Mafunzo yalifanyika ghorofa ya pili, Jumatano, saa nne asubuhi. Kuhudhuria ana kwa ana.

Kuna na suala la lugha, ambalo kwa mtu wa fani yangu haliwezi kupita kimya. Tangazo linaandikwa kwa Kiingereza. Swali linaulizwa kwa Kiswahili, tena kile cha simu, chenye "nyie" na "jaman". Jibu, likija, ni kidole gumba.

Silibezi jengo. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa na Rais Magufuli Novemba 2018, inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja na ina nafasi ya vitabu 800,000. Aliyewahi kugombea kiti wiki ya mitihani anajua uzito wa namba hizo. Ninachohoji ni ukurasa wa mtandaoni kugeuzwa dirisha la kulitazamia jengo. Faida ya mtandao wa kijamii juu ya ubao wa matangazo ilikuwa hiyo moja, kwamba utamfikia asiyeweza kupita mbele ya ubao. Ukiutumia kama ubao umerudi ulikotoka, tofauti ni kwamba sasa anayesoma analipia bando.

Mimi ni mmoja wa wasioweza kupita. Naandika haya Kakola, mji uliokua pembeni mwa mgodi wa Bulyanhulu, halmashauri ya Msalala, mkoa wa Shinyanga. Mgodi mkubwa uko chini ya ardhi. Wachimbaji wadogo waliondolewa eneo hilo Agosti 1996, mgodi ukaanza kuzalisha 2001, na leo unaendeshwa na Barrick chini ya Twiga, kampuni ambayo serikali ina asilimia 16. Lakini dhahabu haiishii kwenye uzio. Huku nje kuna maduara, kuna makarasha yanayosaga mawe tangu alfajiri, kuna mialo na lundo za marudio, na kuna watu wanaoviita vitu hivyo kwa maneno ambayo kamusi zangu mbili hazina. Tasnifu yangu inayahusu maneno hayo. Kilichonivuta ni "makinikia". Kabla ya Machi 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wake, ungemtajia mtu wa Dodoma neno hilo angekuuliza ni mboga gani. Kufikia Juni, baada ya kamati ya Profesa Mruma na ile ya Profesa Osoro kusoma ripoti zao mbele ya kamera, neno lilikuwa limeshaingia kwenye utani wa daladala. Nilitaka kujua ni maneno mangapi ya aina hiyo yanaishi hapa bila kamera.

Basi nikaandika kwenye inboksi ya ukurasa wa maktaba ya chuo changu. Niliuliza kama kuna tasnifu yoyote kuhusu lugha ya wachimbaji wadogo, na kama naweza kuisoma nikiwa mbali. Siku ya sita nilijibiwa, kwa adabu kabisa: "Karibu sana maktaba." Kutoka Kakola hadi maktaba hiyo ni siku nzima ya basi, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi kodi yangu ya mwezi. Aliyejibu hakuwa na ubaya wowote. Kwenye akili ya ukurasa ule, mtumiaji wa maktaba ni mtu aliyeko umbali wa kutembea. Na hili katika nchi ambayo Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, mahsusi kwa ajili ya watu walio mbali na madarasa.

Nikauliza grupu la darasa la WhatsApp. Dakika nne. Mwenzetu aliyeko Iringa alituma faili, kurasa zilizopigwa picha kwa simu, nyingine zimepinda, moja ina kidole gumba pembeni. (Vidole gumba vya maktaba ni viwili basi, na huu wa pili ndio ulionisaidia.) Chini aliandika: "Kaka, hii hapa. Usinitaje."

Hili grupu lina watu thelathini na mmoja, halina mkutubi hata mmoja, na ndilo dawati la marejeo ninalolijua. Mtu anaomba makala, mwingine anakumbuka aliiona wapi, wa tatu ana nywila ya chuo cha mpenzi wake. Si uvumbuzi wetu. Mwaka 2011 kule Twitter ilianzishwa alama ya reli #icanhazpdf, ambayo mtafiti aliiweka pamoja na kichwa cha makala anayoitaka, na mgeni yeyote mwenye makala hiyo akamtumia, kisha posti ikafutwa. Mwaka huohuo ukazaliwa Sci-Hub. Wasomaji wa dunia nzima walikuwa wanaziambia maktaba wanachokihitaji, tena hadharani.

Ni wizi? Kwa sheria ya hakimiliki mara nyingi ndiyo, na sitajitia kutojua. Kinachouma ni kwamba sehemu ya tunachoiba tumeshapewa. Mpango wa Research4Life, ulioanza 2002 kwa majarida ya afya, unazipa taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida bure au kwa bei ndogo. Taasisi ikishajiandikisha, nywila inakaa kwa mkutubi. Ukurasa unaoweza kupongeza mara kumi na moja kwa mwezi unaweza pia kusema mara moja kwa mwezi: nywila ipo, tuma namba yako ya usajili kwa WhatsApp, utatumiwa. Na utumiwe faili lenyewe, usipewe kiungo. Wanaosimamia kurasa hizi, nadhani, hutumia intaneti ya ofisini. Hawajui kwamba nusu yetu tunaishi kwa bando la mitandao ya kijamii, ambalo linafungua WhatsApp na Instagram vizuri, lakini ukigusa kiungo cha tovuti ya maktaba linakujulisha huna salio.

Sasa nieleze ni nini ningependa kukiona, kwa sababu uhakiki wa kulalamika tu ni rahisi na kwetu una mabingwa wengi.

Aprili 2018 jumba la makumbusho ya maisha ya vijijini la Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, liliweka Twitter picha ya zamani ya kondoo dume. Kondoo mnene kupita kiasi, amesimama kama mwenyekiti wa kijiji. Maelezo yalikuwa sentensi moja ya mshangao. Picha ile ilizunguka dunia. Wataalamu wa masoko wameandika mengi kuhusu ucheshi wake, nami naona wamekosa jambo la wazi: picha ilitoka kwenye makabati yao. Hawakuonyesha jumba lao wala mkurugenzi wao, walionyesha kitu wanachokitunza. (Msukuma wa huku, ambaye mifugo kwake ni benki na ni mashairi, angemwelewa kondoo yule bila tafsiri.)

Sisi kondoo wetu tunao. Hans Cory alizaliwa Vienna mwaka 1888 kwa jina la Koritschoner, akaishia Tanganyika akiwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Alizunguka Usukuma akikusanya sheria na mila, na kitabu chake juu ya sheria na mila za Wasukuma kilitoka 1953. Nyaraka zake zimo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyo wa East Africana. Cory alikuwa mtumishi wa dola lililotaka kuijua jamii ili liitawale vizuri zaidi, na alichoandika kinahitaji kubishiwa. Lakini nani anambishia? Wanaoweza kumbishia wako Msalala, Kishapu, Maswa, Magu, na wana simu. Weka Instagram ukurasa mmoja tu wa nyaraka zile, kwa maelezo ya Kiswahili, na swali: utaratibu huu wa mahari ulikuwa hivi kwenu? Neno hili bado linatumika? Kabla ya adhuhuri mtakuwa na wazee kumi wanaomrekebisha Mzungu, kupitia kwa wajukuu wanaowashikia simu. Mkutubi mwenye kalamu atakuwa na la kuandika kwenye katalogi. Hapo ndipo ukurasa ungekuwa unafanya kazi ambayo jengo haliwezi kuifanya.

Nilimpigia mkutubi mmoja ninayemfahamu, wa chuo kingine, nikamsomea mawazo haya. Alicheka muda mrefu. "Mdogo wangu," akasema, "unadhani ukurasa ni wangu? Ukurasa ni wa ofisi ya uhusiano. Mimi nikitaka kuposti kitu naandika barua." Kwao wakutubi ni wachache, hakuna mwenye kazi ya mtandao kwenye maelezo yake ya ajira, na simu inayotumika ni ya mtu binafsi, na bando ni lake. Akaniambia pia kwamba anajibu maswali ya wanafunzi kwa namba yake mwenyewe, usiku, akiwa nyumbani, na kwamba hakuna mahali pa kuyahesabu kwenye ripoti ya mwaka. Idadi ya waliolaiki inahesabiwa.

Hilo lilinibadilishia mwelekeo wa hasira. Huduma ipo, ila imefichwa kwenye simu ya mtu mmoja mchovu, huku ukurasa rasmi ukiendelea na picha za rangi. S. R. Ranganathan, mkutubi wa Kihindi aliyetoa kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931, alitenga kanuni nzima kwa ajili ya muda wa msomaji, kwamba usipotezwe. Katika kanuni zote tano sikuona inayohusu ugeni.

Wala kufikia watu wa mbali si jambo ambalo nchi hii italijifunza kutoka Uingereza. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Redio ni sauti ya upande mmoja, haina komenti. Waliojenga kampeni ile walilijua hilo, kwa hiyo wakaunda vikundi: watu wanakaa pamoja, kuna kiongozi na kijitabu, wanasikiliza, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba choo. Leo tuna chombo chenye njia ya kurudi, na vikundi vimeshajiunda vyenyewe kwenye WhatsApp, na maktaba inakitumia kama redio isiyo na kikundi.

Kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuiacha, hasa kwa wanaodhani dawa ni kuhamishia kila kitu mitandaoni. Mitandao hii ni nyumba ya kupanga. Oktoba 2020, siku za uchaguzi mkuu, Twitter na WhatsApp zilizuiwa nchini. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilizimwa, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Siku hizo hapa Kakola mafaili niliyokuwa nimeyapakua ndiyo yaliyokuwa maktaba yangu, na majirani walikuja kuomba chochote cha kutazama kilichomo kwenye laptopu. Kwa hiyo ninaposema faili litumwe, nina sababu ya pili mbali na bando: kilichokwishafika kwenye simu ya mtu hakizimiki, na kinaweza kutoka simu hadi simu bila mnara.

Nimebakiza anayenishughulisha kuliko wote, na si mwanafunzi.

Kwenye mwalo ninakokwenda kuokota maneno kuna mama mmoja anayechenjua. Anasaga, anaosha, anachanganya na zebaki kwa mkono mtupu kwenye karai, anakamua kwa kitambaa, kisha anachoma juu ya jiko la mkaa, mbele ya mlango, watoto wakipita. Amenipa maneno mengi kuliko mtu mwingine yeyote. Siku moja akanigeuzia swali. Watu wa vyuo, alisema, wamekuja hapa mara nyingi. Wamepima maji, wamepima udongo, wamemkata nywele zake wakazitia kwenye bahasha. "Walipata nini?"

Sikuwa na jibu, lakini nilijua jibu linakaa wapi. Mwaka 1996, mwaka uleule wa kuondolewa wachimbaji Bulyanhulu, Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Akagi wa Japani walichapisha utafiti wa zebaki kwenye samaki na watu wa maeneo ya dhahabu ya Ziwa Victoria. Uko kwenye jarida la kimataifa, kwa Kiingereza, nyuma ya malipo. Zimefuata tafiti nyingine na tasnifu nyingine, na nakala za tasnifu zimo kwenye rafu za vyuo, kila moja na ukurasa wa shukrani kwa wananchi walioshiriki. Tukisema "watumiaji wa maktaba" hatumhesabu mwanamke ambaye nywele zake zimo humo kwenye jedwali. Kama kuna mtu ambaye posti moja ya maktaba ya chuo ingeweza kumsaidia kuishi, ni yeye, na yuko TikTok kila jioni.

Niliuliza grupu. Safari hii haikuhitaji kuiba: alichotuma mwenzangu ni mwongozo wa kuwafundisha wachimbaji wadogo uliotolewa 2006 na UNIDO, shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa. Unapatikana bure. Ulitokana na mradi wa zebaki uliofanya kazi katika nchi sita, Tanzania ikiwemo, na eneo lake hapa nchini lilikuwa Rwamagasa, Geita, karibu tu na hapa. Umeandikwa kwa Kiingereza na una michoro.

Jioni nilikaa naye kwenye gogo mbele ya mwalo nikamtafsiria sehemu ya kuchoma. Nilimweleza kwamba moshi ule usio na rangi ndio zebaki yenyewe, kwamba unaingia mapafuni na kwenda hadi kwenye ubongo, na kwa mjamzito hadi kwa mtoto. Nikamwonyesha michoro ya chombo cha kuufungia moshi ili zebaki irudi kuwa maji na itumike tena, kikiwemo kinachotengenezwa kwa mabakuli ya jikoni. Alinihoji kama wakili. Bakuli la aina gani? La bati halitatoboka? Zebaki inayorudi inarudi yote? Mengine niliyajibu kwa kurudi kwenye ukurasa, mengine nikamwambia nitauliza.

"Mayo, nikusomee tena?" nikasema.

"Soma polepole," akajibu, akatoa simu yake, akafungua WhatsApp, akaisogeza karibu na mdomo wangu. Ana mdogo wake anayechenjua Nyarugusu.